Reli Isiyoshika Mchanga

Mchanga ulikuwa umefunika kila kitu katika ile bustani ya michezo: farasi wa bembea la kuzunguka, kibanda cha tiketi, hata ziwa la bandia lililokauka. Reli peke yake iling'aa. Velma aliiangalia kwa muda, kisha akamgeukia Haji.

"Hii treni si imelala tangu bustani ifungwe?"

"Imelala fofofo, dada. Tangu 2010." Zamani Haji ndiye aliyekuwa dereva wake, akiwazungusha watoto wa Doha kila Ijumaa kwenye vibehewa ambavyo mtu mzima aliingia kwa kujikunja. Sasa aliachiwa kutunza mitambo. "Upepo tu huo unapangusa."

"Upepo unachagua reli?"

Haji akacheka. "Nyie Wakenya! Hata upepo mnaushuku?"

Velma hakucheka. Mlinzi aliyemtangulia, Loice, alirudishwa kwao baada ya nyaya za shaba kupotea kwenye zamu yake. Aliapa kwamba hakuna gari lililotoka getini. Supavaiza Collins hakutaka kusikia. Kikipotea kitu kingine, Velma ndiye angepandishwa ndege.

Ijumaa alasiri alisikia mngurumo nyuma ya mlima wa bandia wa saruji. Akaifuata reli hadi kwenye mdomo wa handaki. Kijitreni kikachomoza, Haji yuko mbele, vibehewa vimefunikwa turubai. Ncha za shaba zilichungulia. Kilikuwa kinaelekea ua wa nyuma, na nje ya ua pikapu ilikuwa ikingoja.

Haji akapiga honi. Velma hakutoka relini. Treni ikafunga breki karibu imguse magoti.

"Toka, dada. Loice naye alijifanya mbishi."

Velma, ambaye kwenye redio ya upepo hakuwahi kusema zaidi ya "sawa", akabonyeza kitufe. "Supavaiza, Haji anatoa nyaya kwa treni."

Collins akajibu haraka mno. "Mwache apite. Wewe rudi getini."

Kumbe naye yumo! Kisha akakumbuka kwamba redio ile husikika kwa walinzi wote wa kampuni, kila mmoja kwenye lindo lake.

"Sijakusikia vizuri, bosi," akasema. "Rudia. Apite na nyaya?"

Haji akazima injini.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya Omondi, mlinzi wa jengo moja kule kwenye kisiwa cha The Pearl: "Velma, usitoke hapo. Sisi tumemsikia."