Uamuzi Haubadiliki

Hilary Entwistle alikuwa anamenya viazi Jumamosi jioni simu yake ilipoita. Alipoona jina la Callum Prewett kwenye kioo, alijua wikiendi yake imekwisha. Callum alikuwa mshauri katika ofisi ya Waziri Mkuu, na ndiye aliyepanga nani aamke Jumapili akakae mbele ya kamera kuitetea serikali. Safari hii zamu ilimwangukia Hilary, naibu waziri wa afya.

"Ni hizi wodi za wazazi," Callum alisema. "Vipindi vitatu. Cha mwisho ni cha Nerys Pugh."

Hilary aliweka kisu chini. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wodi za kujifungulia katika hospitali ndogo ndogo zitafungwa, na mojawapo ilikuwa ya Calderthwaite, mji wake, jimbo lililompa ubunge, wodi waliyozaliwa yeye na dada yake. Kwenye vikao vya ndani alikuwa amepinga mpaka sauti ikamkauka, akashindwa. Akaambiwa kwamba waziri akishindwa ndani hunyamaza nje, na asiyeweza arudishe kiti. Alikitazama kiti chake, akakumbuka miaka aliyokitafuta, akanyamaza.

"Callum, nikuulize jambo, na unijibu kama mtu mzima. Kuna chochote kitakachobadilika?"

"Hakuna."

"Maana nikienda pale nikaapa kwamba mambo yamekwisha, halafu nyie mkayageuza nyuma ya mgongo wangu..."

"Hilary, uamuzi haubadiliki. Nimetoka kuongea na bosi mwenyewe sasa hivi. Nenda useme hivyo hivyo: haubadiliki."

Dada yake, Maureen, mwenye saluni kule Calderthwaite, naye alipiga baadaye alipopata habari. Maureen hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Usiende. Waambie unaumwa tumbo."

"Dada, siwezi. Ni kazi."

"Kazi ya nani? Mimi nawasuka na kuwakata nywele wanawake wa mji huu. Unajua wanasema nini juu yako nikiwa nimewashika vichwa?"

"Sitaki kujua."

"Ndiyo maana unakwenda," Maureen alisema, akakata simu.

Basi akaenda. Mvua nyembamba ya London ilikuwa inanyesha gari lilipomchukua. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kochi la rangi ya chungwa na watangazaji wawili wenye tabasamu, waliomuuliza kwa upole naye akajibu kwa upole. Uamuzi haubadiliki. Wakamshukuru, wakaingia habari za mbwa aliyejifunza kuendesha ubao wa magurudumu.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Alikuta wameandaa mtu mwingine, mama kijana kwenye skrini, amesimama nje ya hospitali ya Calderthwaite upepo ukimpeperusha nywele. Jina lake Leanne Duckworth. Wodi ilikuwa imefungwa kwa muda majira ya baridi kwa upungufu wa wakunga, ndipo uchungu ukamshika.

"Walitwambia twende hospitali kubwa, mji mwingine," Leanne alisema. "Hatukufika. Nilijifungulia kiti cha nyuma cha gari, kituo cha mafuta, mume wangu amenishika mguu na mwenye duka ameshika tochi. Mtoto alitoka amekuwa wa bluu. Nataka huyu waziri aniambie, mimi ni mpiga kura wake, nataka aniambie mwenyewe, ningefanya nini?"

Hilary alimjua kwa sura. Calderthwaite si mji mkubwa. Alitaka kusema, sijui, ningekuwa mimi ningekufa kwa woga. Lakini kamera ilikuwa inamwangalia, na mdomo wake ukatoa kile ulichofunzwa.

"Kwanza nimpe pole Leanne, na hongera kwa mtoto. Lakini wataalamu wanatwambia hospitali kubwa ni salama zaidi. Mabadiliko haya yataokoa maisha, na uamuzi haubadiliki."

Uso wa Leanne kwenye skrini haukufanya lolote. Hakulia wala hakufoka. Alitazama tu mbele, kama mtu aliyefungiwa mlango wakati bado anabisha, kisha picha yake ikaondolewa, wakaja waandishi wawili kuchambua magazeti.

Ndani ya gari Callum alikuwa anachezea simu yake. "Safi sana," alisema bila kuinua kichwa. "Yule mama umemmaliza vizuri."

"Usiniambie hivyo."

"Nakusifia."

"Nimesema usiniambie hivyo!"

Studio ya Nerys Pugh ilikuwa na meza ya kioo na viti viwili. Nerys, mwanamke wa Wales mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na shingo, alikuwa na tabia moja ambayo wanasiasa waliiogopa kuliko ukali. Alikuwa ananyamaza. Mtu akimaliza kujibu, yeye alimtazama tu, na mtu huyo, kwa kuogopa ule ukimya, alijikuta anaongeza maneno ambayo hakupanga kuyasema. Hilary alilijua hilo, akajikaza. Aliulizwa juu ya wakunga, juu ya barabara zinazofungwa kwa theluji, juu ya mji wake mwenyewe. Akajibu na kunyamaza. Nerys naye akanyamaza. Wakatazamana.

"Kwa hiyo kina mama wa Calderthwaite wasitegemee chochote," Nerys alisema mwishowe.

"Serikali imeamua. Haitarudi nyuma."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Hapo Nerys aliinamisha kichwa kidogo na kugusa sikio lake, mahali watayarishaji walipokuwa wanamnong'oneza. Uso wake ulibadilika. Haukuwa uso wa ushindi. Hilary baadaye alisema ulikuwa karibu na huruma.

"Samahani, naibu waziri. Naambiwa kwamba ofisi ya Waziri Mkuu imetoa taarifa sasa hivi. Nakusomea: 'Baada ya kuwasikiliza wananchi, serikali imesitisha mpango wa kufunga wodi za wazazi.'" Akainua macho. "Ulikuwa unajua?"

Nyuma ya kamera, kwenye giza, Callum alikuwa amesimama ameegemea ukuta. Hilary alimtazama akitegemea kumwona ameshtuka. Callum alikuwa anatazama viatu vyake. Hakushtuka hata kidogo.

Maneno ya kujiokoa Hilary aliyajua. Angesema, hii ndiyo serikali inayosikiliza. Angesema, nafurahi. Wenzake wengi walikuwa wamewahi kuachwa kwenye mataa namna hiyo, wakatabasamu, na mwaka uliofuata wakapewa wizara.

"Hapana," alisema. "Sikujua. Jana niliuliza kama kuna kitakachobadilika nikaambiwa hakuna. Niliuliza kwa sababu nilikuwa na wasiwasi wa jambo hili hili. Asubuhi hii nimewaambia watu uongo katika vipindi vitatu. Kuna mama amezalia kituo cha mafuta, nimemjibu kama karani anayesoma karatasi. Na walionituma walikuwa wanaandika taarifa yao huku mimi nazunguka kwenye gari lao."

Nerys alinyamaza. Safari hii Hilary aliujaza ukimya ule kwa hiari yake.

"Niliupinga mpango huu ndani. Hapa nje nikautetea. Waliopanga wapo, waiteni waje wakae hapa. Mmezoea kuletewa sisi wa kutumwa."

Alichomoa maikrofoni kwenye kola ya koti, akaiweka juu ya kioo, akaondoka kabla hajaagwa.

Callum alimfuata koridoni, wakapita mbele ya picha za watangazaji wa zamani.

"Umechanganyikiwa? Ungesema tu kwamba tumesikiliza!"

"Nani amesikiliza? Wewe ulijua tangu lini?"

"Hilary, hivi vitu vinakwenda haraka."

"Nimekuuliza, tangu lini?"

Callum alipitisha mkono kwenye nywele. "Ilikuwa inazungumzwa. Hatukuweza kuonekana tunayumba kabla ya kuwa tayari. Alihitajika mtu wa kushikilia mpaka tuwe tayari. Ndiyo kazi yenyewe, unajua hivyo."

"Kushikilia. Mmenitoa mbele kama mfuko wa mchanga wa kuzuia mafuriko, basi, maji yakipungua mnautupa. Na ulikaa na mimi kwenye gari! Ulikaa na mimi kwenye gari, ukanisifu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Wasikie!"

Wafanyakazi wawili waliokuwa na vikombe vya chai walisikia, na kabla ya chakula cha mchana nchi nzima ikawa imesikia. Mnadhimu wa chama alimpigia kumwambia kwamba Waziri Mkuu anamshukuru kwa utumishi wake. Alitumia sentensi moja kumfukuza na nyingine kumuuliza kama angeweza kurudisha simu ya serikali kesho asubuhi.

Hilary alipanda treni ya kaskazini hasira ikiwa imemkaa kifuani kama mfupa. Watu wengine kwenye behewa walimtambua. Mzee mmoja alimpigia saluti ya utani, na mwanamke mmoja akamnunulia chai akisema, "Umewapasha, mwanangu." Alipofika kwa Maureen alikuwa karibu kujiona shujaa.

Maureen alikuwa amepika nyama ya kuoka. Alimwekea sahani, akakaa mkabala naye, akamwacha aseme yote: Callum, taarifa, viatu, mnadhimu. Hilary alipiga meza. Alisema hajawahi kudhalilishwa hivyo maishani.

"Umemaliza?" Maureen aliuliza.

"Bado."

"Basi kula kwanza, halafu nisikilize mimi. Umekasirika kwa sababu wamekudanganya wewe. Wangekuwa hawajakudanganya je? Kama kweli uamuzi usingebadilika, ungekuwa hapa umekasirika? Ungekuwa London unapongezwa."

"Dada, nilisema ukweli mbele ya nchi nzima."

"Ulisema walipokuchoma wewe. Yule binti Duckworth alipochomwa ulimpa hongera." Maureen alikata kipande cha nyama kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nilikuwa natazama na wateja, saluni nilifungua makusudi. Hakuna aliyesema neno. Nilitamani wakutukane, ningekutetea. Hawakunipa hata nafasi hiyo."

Hilary alisukuma sahani. Alilala chumba cha wageni akiwa na hasira na kila mtu, Maureen akiwa wa kwanza, na kulipopambazuka alikuwa na hasira na mtu mmoja tu, ambaye hakuweza kumkwepa.

Jumapili iliyofuata mtu mwingine alikaa kwenye kiti kile mbele ya Nerys Pugh, akasema kwamba serikali ilikuwa inasikiliza siku zote na kwamba Bi. Entwistle hakuelewa maagizo. Nerys alimnyamazia. Yule bwana naye alinyamaza, akatabasamu, akashinda. Maureen aliirushia televisheni taulo la vyombo.

Baada ya hapo Hilary alimwandikia Leanne barua mbili, akazichana zote. Ijumaa akaenda maktaba ya mji, mahali alipokuwa anasikiliza shida za watu wa jimbo, kwenye meza iliyowekwa kati ya rafu za vitabu vya watoto. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, wengine wakiwa wamekuja kumwangalia tu. Alipoinua kichwa kumwita anayefuata, Leanne Duckworth alikuwa ameshakaa, mtoto amemfunga kifuani.

Hilary aliweka kalamu chini. "Leanne. Kabla hujasema lolote. Nilichokufanyia kwenye kile kipindi ni aibu. Uliniuliza swali la kweli, nami nikakupa maneno ya watu. Naomba unisamehe."

Leanne alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema.

"Sawa?"

"Nimekusikia. Sijui kama nimekusamehe, sijafika huko. Sikuja kwa mambo ya televisheni." Alimgeuza mtoto kidogo ili aonekane, naye mtoto akakohoa, kikohozi kikavu kikubwa kuliko kifua chake. "Ukuta wa chumba chake umeota ukungu, mweusi, mpaka kwenye dari. Mwenye nyumba anasema tufungue madirisha. Huu mji na baridi hii, tufungue madirisha! Nimepiga simu mpaka wananijua jina. Wewe bado ni mbunge au na huo ubunge wamekunyang'anya?"

"Bado ni mbunge."

"Basi."

Hilary alimtazama yule mtoto. Alijua barua ambayo angeandika, na jibu ambalo lingerudi, na jinsi ambavyo angeliweka kwenye faili na kuandika nyingine.

"Unaishi mbali?" aliuliza.

"Nyuma ya kiwanda cha zamani cha nyuzi."

Aliwaomba radhi waliobaki kwenye foleni, akavaa koti. Walitembea kwenye mvua mpaka kwa Leanne. Chumba kilikuwa kidogo, na harufu iliwapokea mlangoni kabla ya macho kuona. Hilary aliweka kiganja ukutani, na kilipotoka kilikuwa kimelowa. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote.

Alitoa simu, yake mwenyewe, akaomba namba ya kampuni yenye nyumba. Leanne alimtajia bila kuitafuta. Aliyepokea alimwambia kwamba wahusika wamekwishatoka kwa wikiendi.

"Jina langu Hilary Entwistle," alisema. "Hapana, sipigi simu kwa niaba ya mtu. Nimesimama ndani ya chumba chenyewe, na siondoki. Kaniitie mtu."