Mashine ya Macho Mawili

Apolonia ndiye aliyeonyesha sinema katika ukumbi wa parokia, Iringa. Kila mkanda ulipokwisha picha ilikatika, na watu walipiga miluzi mpaka apachike mwingine. Siku moja Silvester, dereva wa lori, alimletea habari kutoka Mbeya.

"Dada, mashine yenu mpya naileta wiki ijayo! Ina macho mawili. Moja likimaliza mkanda, la pili linadaka papo hapo. Na taa yake ni kali!"

Apolonia alipiga makofi kwa furaha. Jioni hiyo picha ilipokatika, alitoka akatangaza, "Wiki ijayo hakuna kukatika tena!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

"Sasa karanga zangu nitauza saa ngapi?" aliuliza Mama Evarista mlangoni.

"Kabla ya picha, mama," Apolonia alijibu akicheka. "Kaanga nyingi, watajaa mpaka nje!"