Hakuna Kilichoota

Pale maabara ya hospitali ninayoisimamia wananiita Mkasi, na jina nililipenda. Nilianza kwa kukata gharama za glavu, nikaja kwenye umeme: mashine ya mvuke inayoua vijidudu kwenye taka ilikuwa ikiwashwa kila siku, nikaagiza iwashwe Ijumaa tu. Halafu nikakata siku. Damu ya mgonjwa wa homa huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikakaa kabati la joto siku tano, bakteria wakiwamo waote na kuichafua. Nikasema mbili zinatosha. Chupa isiyochafuka ipigwe muhuri "Hakuna kilichoota", itupwe, ipishe nyingine, tusihangaike kununua kabati la pili. Wakubwa walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Jumatatu akalazwa shangazi yangu, aliyenilea tangu sijaota meno. Homa ilikuwa ikimtetemesha hadi kitanda kizima. Damu nilimtoa mwenyewe.

"Mkasi," akanitania, "usije ukanikata na mimi."

"Ah, shangazi! Nyoosha mkono nipate mshipa."

Jumatano chupa yake ilikuwa safi. Nilisita, Mungu anajua nilisita. Lakini wenzangu wa zamu walikuwa wananitazama, na sikutaka waseme sheria zangu ni za wagonjwa wasio ndugu zangu. Nikapiga muhuri. Chupa nikaitia kwenye ndoo ya taka, nyuma ya friji, ingoje Ijumaa.

Ijumaa asubuhi mama anayeosha vyombo akaniita.

"Bosi, hii mbona imekuwa kama maji ya mchele?"

Nikasoma lebo. Mwandiko ni wangu. Nyuma ya friji pana joto. Siku nilizomnyima shangazi kabatini, alizipata kwenye takataka.

Nilipanda ngazi mbio hadi wodini. Muuguzi alikuwa anapangusa godoro. Daktari akanishika bega.

"Pole, ndugu yangu. Alfajiri hii."

"Na sindano za kuua bakteria?"

"Tulisimamisha juzi. Si mlituandikia hakuna kilichoota?"

Nikageuka, nikashuka. Nilijichukia kuanzia pale kwenye ngazi hadi chini.

Mama muosha vyombo alikuwa bado ananingoja na ndoo yake.

"Niwashe mashine, bosi? Leo Ijumaa."

Nikamwambia awashe. Lakini chupa ya shangazi niliitoa, nikaipangusa, nikairudisha kwenye kabati la joto. Ilikuwa imebakiza siku moja kutimiza tano.