Sadaka Iliyorudi Getini

Levina alikuwa na uchovu ule usioponywa na usingizi. Alfajiri alikuwa amemgeuza mama yake kitandani, amemwosha, amemnywesha uji vijiko vinne, ndipo akapanda baiskeli kwenda getini. Geti lenyewe ni mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, kwenye barabara ya vumbi itokayo vijijini Sikonge, kabla hujaikuta lami ya Tabora. Kazi yake ni kutoza ushuru wa mazao, na hakuna aliyewahi kufurahi kumwona pale.

Kanisani ndiyo usiseme. Kwaya ya akina mama wa Moraviani ikisimama kuimba, pembeni ya Levina hubaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna anayeijaza. Wanampenda mtoza ushuru wa kwenye mahubiri, aliyetubu na kufa zamani. Huyu wa kwao, aliye hai na mwenye mashine ya risiti, hawamtaki.

Jumatano hiyo pikapu ya Mzee Justini ilisimama getini, imefunikwa turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tufungulie, tunawahi."

Akamnyooshea barua yenye mhuri wa usharika. Mzee Justini ni mzee wa kanisa. Mhuri anao yeye, na orodha ya wagonjwa ambao mchungaji huwapelekea nyumbani mkate na divai ya Meza ya Bwana anayo yeye pia. Barua ilisema mzigo ni sadaka ya mavuno, mali ya kanisa. Sadaka haitozwi. Msimu huu barua kama hiyo ilikwisha kupita mara mbili, na mara zote Levina alifumba macho, akajiambia kwamba aliyeandika atajibu mwenyewe mbele za Mungu. Mtu akichoka hukubali mengi.

Akainua turubai kwa mazoea tu. Magunia ya karanga, ndoo za asali. Na katikati, ndoo nyeupe iliyofungwa kwa kipande cha kanga yenye maua mekundu, kingo zimeshonwa kwa mkono. Aliijua. Mama yake alikaa siku mbili kukishona kifuniko kile, mkono mmoja umepooza na wa pili unatetemeka, kwa sababu hakutaka sadaka yake ya mwisho iende kwa Mungu uchi.

Jumapili iliyotangulia Levina aliipeleka mwenyewe madhabahuni. Baada ya ibada, kama ilivyo ada, mavuno yote yalipigwa mnada pale nje ili kanisa lipate fedha. Aliyeinunua ile ndoo, pamoja na karibu kila kitu, alikuwa Vedasto mfanyabiashara, huyu huyu aliyeketi sasa kando ya Mzee Justini akichezea simu. Watu walimpigia makofi.

"Mzee, hii si sadaka tena," Levina alisema.

"Unasemaje?"

"Jumapili ilikuwa ya Mungu. Mungu ameiuza, Vedasto amenunua. Sasa ni biashara, na biashara inalipa ushuru."

"Dada, usituchoshe," Vedasto alisema bila kuinua macho.

Mzee Justini akashuka. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Levina, ya Kaisari mpe Kaisari, ya Mungu mwachie Mungu. Au hujafundishwa?"

"Nimefundishwa, mzee. Ndiyo maana nauliza hii ni ya nani."

Mzee akafuta vumbi kwenye kioo cha gari, taratibu. "Jumamosi mchungaji anazungukia wagonjwa. Najua mama yako anavyoisubiri siku hiyo. Na orodha unajua iko kwa nani."

Alijua. Tangu apooze, mama yake, Mama Kabula, alikuwa na ombi moja tu, kuipokea Meza ya Bwana kabla hajafa, na kila asubuhi aliuliza zimebaki siku ngapi. Levina aliogopa. Kuuinua ule mti ni kazi ya mkono mmoja. Akakitazama tena kile kifuniko, kisha akabonyeza mashine. Vedasto alilipa huku akisonya.

Jumamosi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo kando ya kitanda. Saa nne gari la mchungaji likaja, likasimama kwa jirani mwenye kidonda cha mguu, kisha likaondoka. Levina alilikimbilia hatua chache, likakata kona.

"Wamefika?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Hawaji, mama."

Akamweleza yote huku akilia, pamoja na zile barua mbili alizoziachia. Alitegemea lawama. Mama yake hakuwahi kuipenda kodi; enzi za kodi ya kichwa, mgambo wakipita, mumewe alikuwa akitorokea porini kwenye mizinga yake ya nyuki.

Mama Kabula alikitazama kitambaa cheupe. Chozi lilimtoka likateremka hadi sikioni, na mkono wa kulifuta haukuinuka.

"Baba yako alilala porini siku tisa kukimbia kodi," alisema hatimaye, ulimi mzito. "Lakini hakusema amekwenda kusali."

Levina akamfuta lile chozi.

"Risiti ulimpa?"

"Nilimpa, mama."

"Basi lete uji. Kitambaa usikiondoe."

Levina akaleta bakuli moja na vijiko viwili, akaviweka juu ya kitambaa.