Punje ya Vero

Siku kitabu cha Mjomba Winston kilipofika Bugene, Mackrine alikipakata kama kichanga aliyetoka kubatizwa. Anayebisha akawaulize mbuzi wa mzee Ndyamukama: waliacha majani, wakampisha njia. Kilikuwa riwaya ya kusisimua ya vijana, *Magunia ya Mauti*, na jaladani jina la mjomba lilikuwa kubwa kuliko magunia yenyewe.

Winston, kaka wa mama yake, alikuwa mnunuzi wa kahawa kule Nkwenda. Mtu huyo akikusimulia alivyoumwa na mbu, utadhani alipigana mweleka na chui. Kila alipokuja kuwasalimia aliwasomea sura mpya jikoni, wanawake wakimenya ndizi. Siku moja alikwama.

"Hawa mabinti wangu wawili wa kitabuni hawana kitu cha kuwafunga pamoja," alilalamika. "Nipe kitu, mpwa wangu."

Mackrine akampa. Alimweleza kwamba siku mama wa rafiki yake Vero alipozikwa, yeye na Vero walijificha nyuma ya jiko, wakapasua tunda moja la kahawa, na kila mmoja akameza punje yake. Undugu huo wazee wanauita omukago. Mkishameza punje pacha mmekuwa ndugu, na ndugu wa namna hiyo humuuzi hata upewe ng'ombe wa Karagwe nzima. Wazee walichanjana pia, wakachanganya damu. Wao wawili walikuwa na machozi tu, yakatosha.

Vero alipojua, alinuna.

"Ile ilikuwa yetu, Mackrine."

"Mjomba ameniapia. Mwishoni wanaokoana. Utalia kwa furaha mpaka makamasi yakutoke."

Vero akacheka, yakaisha.

Basi wakakaa kwa kina Vero, kando ya mkeka wa kahawa iliyoanikwa, Mackrine akisoma kwa sauti, Vero akichambua. Mwanzo ulikuwa moto. Pikipiki iliruka mto Kagera kutoka ng'ambo hii hadi ile, viboko wakainamisha vichwa isiwaparuze. Msichana Vena, aliyefiwa na mama yake, alimeza punje pacha na rafiki yake Maki. Hapo Vero aliacha kuchambua kabisa. Na palikuwa na muuaji asiyeonekana uso, jino lake la dhahabu tu ndilo lililong'aa gizani.

"Ni yule mpima mizani," Vero alisema.

"Wewe nawe! Ni yule padri wa uongo. Subiri."

Wakasubiri. Sura ya mwisho, Maki amefungwa kamba ndani ya ghala, anasikia hatua, anainua uso. Aliyesimama mbele yake ni Vena. Vena akatabasamu, na jino la dhahabu likang'aa.

Mackrine alirudia sentensi ile akidhani amekosea. Vena? Vena aliyekuwa akitafuna mahindi ya kuchoma na kucheka na kila mtu kitabu kizima? Jino alilificha wapi, kwenye soksi? Sababu haikuwapo. Vena alisema tu kwamba punje aliimeza ili aaminiwe, kisha kitabu kikaisha.

Vero aliinuka taratibu, akajipangusa maganda.

"Kwa hiyo mama yangu alikufa ili mimi niwe muuaji?"

"Vero, mimi sikujua..."

"Wewe ndiye uliyempa." Akaingia ndani.

Jumamosi Mackrine alipata lifti kwenye Fuso la ndizi hadi Nkwenda. Alimkuta mjomba mlangoni mwa stoo yake, kalamu sikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Umesoma? Umeshtuka?"

"Uliapa wataokoana."

"Ah! Vijana wa leo wanataka kushtushwa. Nikaona, nani hawezi kudhaniwa hata kidogo? Yule wa omukago!"

"Hakudhaniwa kwa sababu haiwezekani, mjomba. Twende Bugene umwambie Vero kwamba ni wewe uliyebuni, si mimi."

Winston akacheka, akawatazama wapagazi wake waliokuwa wakipanga magunia.

"Niache wateja nikambembeleze mtoto? Ile ni riwaya tu. Kaa, utafune kahawa." Akamsogezea kisahani cha kahawa kavu, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote anayeheshimiwa.

Mackrine alikitazama. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akikataa kahawa ya mwenyeji, sembuse ya mjomba wake. Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Asante, mjomba. Yako siwezi kuimeza."

Kicheko kikamkauka Winston.

Jioni Mackrine alimkuta Vero akikusanya kahawa kutoka mkekani. Alichuchumaa upande wa pili, akaanza kusaidia. Vero hakumfukuza.

"Alisemaje?"

"Eti ni riwaya tu."

"Ukatafuna kahawa yake?"

"Niliirudisha."

Vero akasita, mkono ukiwa umejaa. "Uliirudisha? Kwa mjomba wako?"

"Mbele ya wapagazi wake."

Ilibaki kidogo Vero acheke, lakini akajizuia. Alimimina kahawa ndani ya gunia, akaukunja mdomo wa gunia.

"Punje yangu niliimeza, Mackrine, siwezi kuitapika," alisema. "Wewe ni ndugu yangu mpaka tufe. Ila siri nyingine usitegemee kuisikia kwangu."

Akamwachia ncha moja ya gunia. Wakalibeba pamoja hadi ndani.