Wimbi la Upande wa Kushoto

Mpaka leo nikifumba macho namwona mume wangu amepiga magoti botini, ameukumbatia mfuko wa maji kama mtu anayemzuia mwizi, na mjukuu wetu yuko ziwani nyuma ya boti, meno yanagongana kwa baridi.

“Babu, umwage,” alisema. “Wa kulia wote.”

Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Mwalimu wa klabu ya michezo ya maji alikuwa amesimama gatini. Alishasema kwamba Chiriku akiteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti bila kushika kamba, atamchukua awe msaidizi wake. Akishindwa leo, nafasi ni ya mwingine. Na tangu asubuhi wimbi lilikuwa povu tupu. Kila akiachia kamba, anazama.

Kosa lilikuwa letu. Mume wangu aliendesha kivuko hadi nywele zikawa nyeupe, na farumi, ule uzito unaotuliza chombo, kama ile mifuko yetu miwili ya maji, kwake ilikuwa na sheria moja: sawa kwa sawa. Chiriku alimwomba ajaze mfuko wa kushoto tu, boti ilale kidogo, wimbi lisimame upande ule. Yeye akajaza yote miwili. Hata niliposogea kushoto, alisogea kulia bila kujijua. Zamani aliona kivuko cha wenzake kikilala hivyo, na hakikuinuka.

Sikumsukuma. Nilikaa sakafuni karibu naye, nikamwambia ziwa limetulia, na jaketi za kuokolea tumevaa.

“Nawe, mama watoto, huogopi?”

“Naogopa. Washa pampu.”

Akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Mfuko ukanywea. Boti ikainamia kushoto, nami nikaserereka na kikapu changu hadi ukingoni. Chiriku akacheka, akasema kumbe bibi ndiye farumi yenyewe.

Tukaondoka. Nyuma yetu maji yakakusanyika, yakapanda, yakawa mgongo laini wa kijani. Chiriku akasimama. Kamba ikalegea mkononi mwake, akaitupa ndani ya boti.

Mume wangu hakuweza kugeuka. Alikuwa ameung'ang'ania usukani, shati limemlowa mgongoni.

“Bado amesimama?”

“Bado.”

Hakuongeza mwendo, hakupunguza. Tukalipita gati, tukamwacha mwalimu nyuma.

“Na sasa?”

“Bado, baba. Shika hivyo hivyo.”