Ukuta Hauna Eda

Mimi ni mtu wa kutaka kujua, sikatai. Mume wangu Jean-Paul husema pua yangu hufika kwa jirani kabla ya miguu. Basi Subira, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipokuwa katika wiki ya sita ya eda akaniomba nimletee udongo wa kupaka nyumba, sikutulia tena.

Sisi ni Wakristo wa Wamaza, kule Kabambare, tumekuja Kasongo kwa biashara ndogo ya mchele. Subira ni wa familia za Kiislamu za mjini. Mume wake Assumani alikuwa akisukuma mizigo kwa baiskeli, Kasongo hadi Wamaza na kurudi, mpaka homa ilipomchukua kwa siku nne tu. Kwao mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa haja kubwa, havai cha kupendeza, hajipaki manukato. Subira hata kioo alikigeuza uso kikatazama ukuta.

Kilichokuwa kinamngoja baada ya hapo tulikijua wote. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto, na mimba tatu zilikuwa zimetoka mtaa mzima ukijua. Siku ya tatu ya msiba, Asma, dada mkubwa wa marehemu, alisema mbele yetu wanawake tuliokaa mkekani: eda ikiisha, Subira arudi kwa wazazi wake Nyangwe, na nyumba ichukuliwe na mdogo wao Nourdine. Kungekuwa na mtoto, hakuna ambaye angethubutu kusema hivyo, kwa maana mtoto wa ndugu yao hafukuzwi katika nyumba ya baba yake. Subira alikuwa ameinamisha kichwa.

Sasa niambie wewe. Mtu anapamba nyumba anayofukuzwa kwa sababu gani?

Nilimuuliza siku ile ile, nikiwa bado nimeshika karai mlangoni.

"Dada, hii udongo iko ya nini?"

"Ya ukuta, Mama Grâce. Niko naangalia hii ukuta toka asubuhi mpaka magaribi. Assumani alikuwa anasema, kiangazi ikifika tutapaka. Viangazi saba."

"Lakini si watakutoa humu?"

"Wanitoe. Leo niko humu. Uniletee ya mwekundu karai moja, na ya mweupe karai mbili."

Nilimletea. Udongo mwekundu niliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yetu, na ule mweupe, tunaouita pemba, niliushukia bondeni ambako maji yamekata ukingo. Na kwa kuwa nilileta, nilijipa haki ya kuingia kila siku kuona unafanywa nini.

Niseme ukweli, nilijifunza. Mimi nilikuwa napaka ukuta kwa udongo na maji matupu, na kila aliyeegemea alitoka na mgongo mwekundu. Subira alichemsha maji aliyochujia unga wa muhogo mpaka yakawa mazito kama uji wa mgonjwa, akachanganya humo udongo uliochekechwa kwa kitambaa. Ulipokauka ulishika. Ukipitisha kiganja, kinatoka safi. Chini alipaka mwekundu hadi usawa wa goti, mahali ambapo kuku na ndoo huchafua. Juu yake mstari mweusi wa makaa yaliyosagwa, umenyooka kwa sababu aliupima kwa uzi. Na juu ya mstari, pemba. Alianzia chumba kidogo cha nyuma, kile ambacho Assumani alikuwa akiweka matairi.

"Mbona chumba cha matairi?" nikauliza.

"Iko na mwanga muzuri," akasema.

Baada ya kuta akaja kwenye vitu. Bido, yale madumu ya manjano ya mafuta, alizikata ubavuni, akazipanga kwenye etajere, rafu ya mianzi aliyoifunga mwenyewe, zikawa droo: moja ya chumvi na viberiti, moja ya nyuzi, moja ya vitambaa vilivyokatwakatwa vidogo vidogo na kukunjwa vizuri. Mifuko ya mchele niliyokuwa nikitupa aliifua, akaishona ukutani ikawa na midomo mingi, kijiko hapa, chanuo pale, karatasi za serikali pale juu ambako maji hayafiki. Baiskeli yenyewe Asma alikuwa amekwisha kuichukua, lakini gurudumu moja lililopinda lilibaki, na Subira alilitundika darini, akatia kulabu za waya, sufuria zikaning'inia. Ukitaka sufuria ya mboga unazungusha gurudumu, inakuja yenyewe. Nilizungusha mara nyingi kuliko mboga zilizokuwapo.

Lakini kitu kimoja hakikuingia akilini mwangu. Pemba ilikuwa inaishia wapi?

Mimi najua karai moja linapaka kiasi gani. Karai mbili zilitosha chumba kile, na udongo ukabaki. Subira aliagiza la tatu, la nne, la sita. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nimebeba karai nane, na weupe ulikuwa bado umeishia dirishani. Mwekundu haukuzidi, mweusi haukuzidi. Nikatazama uani, hakuna. Nikatazama nyuma ya choo. Nikadhani anauzia mtu, nikaona haya kwa kudhani. Siku moja, yeye akiwa anatawadha, nilifungua kopo la maziwa lililokuwa kwenye etajere, na ndani nikakuta vidonge vya pemba, vidogo kama dole gumba, vimekaushwa juu ya jiko hadi vikanukia moshi, vimepangwa safu kwa safu.

Nikafurahi. Nikajiambia, huyu mwanamke ana akili: hivi ni vya kuzibia nyufa, unalowesha kimoja tu badala ya kuchanganya karai zima. Nilirudi kwangu nikatengeneza vyangu ishirini, nikaviweka kwenye kopo. Jean-Paul akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama.

Habari za nyumba nzuri zina miguu. Asma akazisikia, akaja mchana mmoja wa Jumatano, akasimama katikati ya nyumba na mkoba wake begani. Aliangalia mstari mweusi. Aliangalia gurudumu. Mdomo ulianza kumtetemeka, na sikujua kama ni hasira au ni kilio, maana ni yeye aliyemlea Assumani.

"Hii iko eda gani?" akasema. "Ndugu yangu iko chini ya udongo, na muke wake iko anapamba na udongo?"

"Wifi, sijapaka hata mafuta kwa uso," Subira akamjibu.

"Unapambia nani? Ukivunja eda hautangoja siku ziishe. Utatoka leo."

Hapo nilitaka kuingilia. Mdomo wangu si wa kukopa. Lakini Subira alinitazama, nikaumeza ulimi. Alimwambia Asma amwite Mwalimu Kasimu wa msikitini, aamue yeye. Asma hakungoja kuambiwa mara mbili.

Mwalimu Kasimu alikuja kabla ya alasiri, mzee mrefu wa kanzu iliyopigwa pasi. Hakuingia. Alisimama nje, mimi nikamshikia rido, pazia la mlango, pembeni ili aone. Aliangalia muda mrefu. Aliuliza kama mjane ametoka, nikasema hajatoka, mbebaji ni mimi. Aliuliza kama amejipaka wanja, hina, manukato. Asma mwenyewe akakiri hapana.

"Mjane amekatazwa kupamba mwili wake," mwalimu akasema. "Ukuta hauna eda."

Mwalimu hakuondoka. Alinyoosha mkono, akasugua fremu ya mlango, akatazama kidole chake, kisha akapitisha bega la kanzu polepole kwenye ukuta, makusudi kabisa, na kulikagua.

"Haitoki," akasema. "Munatia nini ndani?"

Nikamweleza maji ya muhogo. Aliomba nimwelezee pia mke wake.

Asma aliondoka bila kuaga. Kizingitini aligeuka, akamwambia Subira kwamba siku zimebaki thelathini na nne, anazihesabu yeye mwenyewe, na ya mwisho atakuja na mkokoteni. Subira aliitikia kwa adabu. Mimi roho iliniuma sana, na jioni ile niligombana na Jean-Paul bila sababu.

Siku hizo thelathini na nne Subira hakupunguza mwendo. Nilitegemea aanze kufunga mizigo, yeye akafungua mingine. Alishona rido mpya ya chumba cha nyuma kwa vipande vya vikwembe, vitenge vyake vya zamani. Alisuka mkeka mdogo wa ukindu, nikamwambia huu haumtoshi mtu, akasema ukindu umeisha. Nikamwamini. Nilipima kona zote za nyumba ile kwa macho, na yeye akipita mbele yangu katika lile gauni lake pana la eda, kitambaa juu ya kitambaa, nilimwambia asogee kidogo, ananikingia ukuta.

Siku ya mwisho walikuja asubuhi. Asma alikuja na wanawake wawili wa ukoo, ndoo ya maji ya kumwogeshea mjane, na nguo mpya iliyokunjwa, kama desturi inavyotaka. Nje Nourdine alisimamisha mkokoteni, akaanza kukunjua kamba. Niliingia bila kupiga hodi na hakuna aliyenifukuza.

Subira alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu.

"Simama, wifi," Asma akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Eda imeisha. Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Umehesabu vizuri," Subira akasema. "Lakini ya kwangu haiko ya kuhesabu siku. Iko ya kuzaa."

Hata mimi Mkristo nilijua sheria hiyo, maana Kasongo tunaishi pamoja: mjane mwenye mimba hatoki eda mpaka ajifungue. Ndoo iliwekwa chini. Subira alivuta vitambaa vyake pembeni, kimoja, cha pili, akaacha gauni likae lenyewe juu ya tumbo, na tumbo lilikuwepo, la mviringo, la miezi mitano na zaidi.

Na mimi, mwenye watoto sita, niliyetafuna pemba katika mimba zote sita hadi meno yakakwaruza, niliona ndipo karai zangu nane zilipoishia. Angenunua sokoni, pale wenye mimba wanaponunua, kufika adhuhuri mji mzima ungejua. Aliniagiza mimi, kwa sababu alijua mimi ningetazama ukuta. Niliona aibu, na juu ya aibu niliona furaha, nikakaa mkekani kando yake.

Asma alipiga magoti mbele yake. Hakumgusa. "Kwa nini haukutuambia?" akauliza. "Ningekuwa nimejua, ile maneno yote nisingesema."

"Zile tatu za kwanza niliwaambia," Subira akasema. "Kila mara mulikuja kunipongeza, na kila mara mulirudi kunipa pole. Huyu nilitaka akae kwake kwanza."

Asma alilia kwa sauti, kana kwamba hakulia siku ya mazishi. Kutoka nje Nourdine akauliza waanze kupakia nini, etajere au kitanda, jua linapanda. Asma alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akaenda mlangoni.

"Mukokoteni urudishe kwa mwenyewe," akamwambia. "Na upite kwa mama, umwambie avae aje, Assumani iko na mutoto."